Avelina, mwokaji keki aliyehamisha mahakama

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, katika jiko lake dogo la Doonside, magharibi mwa Sydney, Avelina Komba anaezeka mahakama. Paa ni biskuti za chokoleti, kuta ni keki ya vanila, na kando yake mto wa krimu ya buluu unateremka kutoka milimani.

Hii ni Kaunti ya Ndurumoni, Kenya, yote iko mezani. Avelina, mzaliwa wa Songea, Tanzania, hajawahi kukanyaga huko.

"Mwenyekiti alinielekeza kwa simu. Mlima hapa, mto pale, mahakama mjini Igwanene, mashariki ya mto. Mimi nikajenga tu," anasema huku akicheka.

Mwenyekiti huyo ni Mwiti, kiongozi wa chama cha wana-Ndurumoni waishio Sydney. Leo wanasherehekea siku ya kaunti yao, na ameahidi kwamba keki ikipendeza, Avelina ataoka keki zote za chama.

Kwa mama huyu wa watoto wawili, ahadi hiyo ni kila kitu. Huu ni mwaka wa sita anasafisha ofisi za katikati ya jiji usiku, na amechoka kurudi nyumbani wanawe wakiwa wameshakwenda shule.

Saa saba mchana keki inaingia ukumbini Lidcombe kwa vigelegele. Kisha Abigail, muuguzi, anaisogelea na kushika kiuno.

"Ni nani amehamisha korti yetu?"

Ukumbi unalipuka. Mahakama ya kweli iko Kiramba, magharibi ya mto, alikozaliwa Abigail. Kaunti ilipoundwa, miji hiyo miwili iliigombania mahakama, Igwanene ikashindwa. Na Mwiti ni mtu wa Igwanene.

"Nilisahau tu, jameni," mwenyekiti anajitetea.

"Umesahau mto mzima, Mwiti? Come on!"

Jasho linamtoka Avelina. Anaiona ahadi yake ikiota mbawa. Anaomba miiko miwili, anainyanyua mahakama polepole, anaivusha mto na kuitua Kiramba. Kipande cha paa kinadondokea majini.

"Sasa sisi tumebaki na shimo?" Mwiti analalamika.

"Ninyi wa Igwanene ndio mtaanza kuila," Avelina anamjibu. "Kata, Mwenyekiti."

Watu wanacheka hadi machozi. Mwiti anakata ukuta mzima na kumlisha Abigail wa kwanza, naye Abigail anamrudishia, krimu hadi puani.

Jioni, akiosha trei, Avelina hawezi kuficha furaha yake. Chama kimeshaagiza keki nne, na anapanga kuacha kazi ya usafi kabla ya Krismasi.

"Nataka wanangu niwaamshe mwenyewe," anasema. "Niwapikie chai, tugombane kuhusu soksi."

Simu inaita. Ni Mwiti, ambaye mwezi ujao anatimiza miaka hamsini.

"Dada, nataka keki iko na korti," anasema. "Na hii birthday ni yangu. Iweke upande wangu."