Wageni Katika Kibanja Chetu

Kibanja chetu cha kwanza tulikinunua Kitendaguro, miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, bei ya kahawa ilipopanda na kila kijana wa Bukoba akaanza kuota nyumba ya mabati. Mume wangu alikuwa fundi seremala mjini. Mimi nilikuwa nimeolewa kutoka Muleba, mwaka haujaisha, na tulikuwa tumechoka na chumba cha kupanga Rwamishenye, ambako hata kukohoa ilibidi tukohoe kwa adabu. Basi kilipopatikana kibanja chenye migomba iliyonona na mibuni katikati yake, tulisimama kanisani tukashukuru mbele ya watu wote. Naona haya nikikumbuka tulivyoimba kwa nguvu.

Aliyetuuzia alikuwa mwanamume wa rika la mume wangu. Katikati ya kibanja ilisimama nyumba ya msonge aliyoijenga marehemu baba yake, nyasi tupu kuanzia kileleni hadi chini. Alituambia mama yake amekwisha kuhamia Kagondo kwa binti yake, na kweli siku tuliyokwenda kuangalia hatukukuta mtu. Mauzo yalifanyika mbele ya mkungu, yaani mkuu wa kijiji, rubisi ya ndizi ikanywewa kama ilivyo desturi, sisi Walutheri tukaonja tu, na muuzaji akapanda meli kwenda Uganda. Mume wangu alianza kukata nguzo. Kiangazi kikifika angebomoa ule msonge na kujenga nyumba ya pembe nne.

Siku ya kuhamia alisukuma baiskeli iliyofungwa mbao za kitanda, nami nilibeba masufuria kichwani. Tulipoikaribia nyumba tukaona moshi unafuka paani. Mama mzee akatoka mlangoni, akaitazama mizigo yetu, na uso wake ukachangamka. Kumbe Kagondo alikuwa amekwenda kumwuguza mjukuu tu. Mwanawe alikuwa amemwachia ujumbe kwamba watakuja wageni kukaa naye, asiwe mpweke wakati yeye yuko safarini.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Nimekwisha kuwatandikia."

Alikuwa ametandaza nyasi mbichi sakafuni, nyumba nzima inanukia. Akatuketisha, kisha akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo kwetu mgeni hakosi kupewa. Na hapo ndipo tulipofanya kosa la Wahaya watupu: tuliipokea. Anayetoa kahawa ndiye mwenye nyumba, anayeipokea ni mgeni wake, na ukishatafuna kahawa ya mtu huwezi kumgeukia ukamwambia atoke. Lakini tungefanyaje? Kuikataa kahawa ya mama wa umri ule ni tusi. Nilipiga magoti, nikachukua punje mbili, nikatafuna, na kibanja chetu kikatuponyoka kwa heshima zote.

Jioni ile mume wangu aliniambia kwamba sisi si watu wa kumpa mama habari kwamba nyumba imeuzwa. Mwanawe ndiye aliyeuza, mwanawe na aje aseme. Alimwendea mkungu, na mkungu akasema mambo ya mama na mwana ni ya mama na mwana. Tukatuma ujumbe Uganda kwa watu wa melini, tukangoja.

Kungoja kwenyewe kulikuwa aibu tupu. Mama alinigawia kipande cha shamba nyuma ya nyumba nipande maharage, maana mgeni naye asikae bure, akasema, na mimi nikamshukuru kwa kunipa ardhi yangu mwenyewe. Alikata mkungu wa ndizi mzuri kuliko yote akatupikia. Alimwonyesha mume wangu kaburi la mumewe chini ya migomba, akamwomba alitengenezee ua, kwa kuwa mikono ya mwanawe ilikuwa mizito kwa kazi hiyo. Mume wangu aliutengeneza ua kwa zile nguzo alizokata za kujengea nyumba yetu. Kisimani wanawake wa jirani waliniita mgeni wa mama. Wengine walijua, niliona katika macho yao, na wala sikujua wanamcheka nani, yeye au mimi.

Nilikasirika pia, sitaficha. Kuna siku nilisimama kati ya mibuni nikasema peke yangu kwa sauti kwamba hii ni yangu, na hii ni yangu, kisha nikamsikia akiniita nikale. Mhaya hamwulizi mgeni ataondoka lini. Nami sikuweza kumwuliza mwenyeji wangu ataondoka lini. Tukakaa hivyo, tunapendana kila siku zaidi, na kila upendo ulivyozidi ndivyo nilivyoshindwa kumtazama usoni.

Kiangazi kilipokaribia, mume wangu alichukua kamba akaanza kupima kuuzunguka msonge. Mama alikuwa ameketi nje anachagua maharage. Alisogeza miguu ili kamba ipite.

Mwanawe alirudi muda mfupi baadaye, amevaa koti na viatu vya Kampala. Aliingia ameinamisha kichwa, akamsalimu mama yake, akasalimiana na mume wangu bila kumwangalia, akaketi kwenye nyasi. Mimi nilikuwa karibu na moto. Niliwaza kwamba sasa atasema, na mambo yatakuwa wazi, na sisi tutakuwa na nyumba. Niliona hofu, na furaha kidogo, na furaha ile ndiyo inayoniuma zaidi.

Mama alinyoosha mkono nyuma yake akachukua kikapu cha kahawa. Nikadhani atampa mwanawe, kama alivyompa kila aliyeingia mle tangu tufike. Lakini alikisukuma juu ya nyasi mpaka kikanigusa goti.

"Mpe omugenyi kahawa," aliniambia.

Nilitazama mlangoni kuona ni mgeni gani ameingia. Hakukuwa na mtu.

"Mawe, mama yangu, ni mimi mwanao," yule mwanamume alisema.

"Nakujua," alisema mama. "Nyumba hii ina wenyewe. Nilijua siku walipoipima kwa kamba. Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

Kisha akanigeukia, mpole vilevile, kama aliponionyesha mahali pa kupanda maharage.

"Mpe, mwanangu. Na mimi unipe."

Mume wangu hakuubomoa msonge ule kamwe. Nyumba ya mabati aliijenga kando, na mama akakaa nasi mpaka tukamzika chini ya migomba, ndani ya ua uleule wa nguzo zetu. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilipiga magoti nikamnyooshea mwanawe kikapu, akachukua punje mbili akazifumba kiganjani bila kuzitafuna. Nikamgeukia mama. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru, akatafuna.