Kijiti Ndani ya Mzigo wa Muhogo

Ukipita soko la Kasongo wakati wa matunda ya ndege, ulizia yale makubwa, meusi, ambayo hayamchubui mchumaji. Muuzaji atakwambia bila kupepesa macho kwamba yaliletwa na mapadri kutoka Ulaya. Mimi nimechoka kubishana. Siku moja niligombana na mama mmoja hadi watu wakajaa, nikaondoka bila hata ile chumvi niliyoifuata. Lakini nasema tena: hayakutoka Ulaya. Yalitoka nyuma ya jiko la bibi yangu mzaa mama, Mathilde, katika kijiji kidogo cha Wazimba upande wa Lusangi, zamani za Wabelgiji na pamba yao.

Matunda ya ndege ya asili, yale ya porini, hayakuwa chakula cha mtu mwenye akili timamu. Kichaka ni miiba mitupu, tunda ni dogo kama punje ya mahindi, na ukali wake unakukunja uso. Watoto waliyala kwa sababu watoto hula kila kitu. Ila bibi alikuwa ameshazika watoto wawili alipopata mimba ya mama yangu, na mimba ile ilikataa bugali, ikakataa sombe ya majani ya muhogo, ikakataa hata samaki. Kilichokaa tumboni ni hayo matunda tu. Kila alipoyafuata ukingoni mwa pori alirudi mikono inatoka damu. Mtoto akazaliwa mzima, akaitwa Julienne. Basi bibi akaona ni utovu wa shukrani kuyaacha porini matunda yaliyomlelea mtoto tumboni, akachukua mbegu zake akazipanda nyuma ya jiko.

Alifanya kama wanawake wote wanavyofanya na mahindi: hindi zuri halipikwi, linatundikwa juu ya moshi lisubiri mvua. Tunda lililopungua ukali, au lililotoka kwenye kichaka chenye miiba michache, alilikausha akalipanda. Kichaka kilichozaa makali aliking'oa. Kazi hiyo ni ya polepole, maana kichaka hakizai upesi, na saa za mchana zilikuwa za pamba. Kila nyumba ilikuwa na shamba lake la pamba kwa amri ya serikali, na kapita, msimamizi wa pamba, alipita kukagua. Bibi alivihudumia vichaka vyake alfajiri, kabla ya kapita kuamka. Mume wake, babu Marcellin, alimtania mbele ya wageni: “Wenzako wako nafuga kuku. Weye uko nafuga miiba!” Bibi aliwapakulia wageni chakula, na alfajiri akarudi kwenye miiba yake.

Julienne alikuwa bado msichana mdogo wakati kichaka kimoja kilipoinuka karibu bila miiba, kikazaa matunda makubwa kama ncha ya kidole gumba, matamu. Bibi alikaa chini palepale, akala, akalia. Halafu akapanda mbegu zake kwa furaha, akangoja miaka, na vichaka vilivyoota vikazaa matunda madogo, makali, yenye miiba kama ya porini. Akapanda tena. Yakawa yaleyale. Uzuri wa mama haukwenda kwa watoto.

Hapo ndipo alipoanza kukosa raha. Kilikuwa kichaka kimoja tu, na kilikuwa kinazeeka. Siku kitakapokufa, kazi yote itakufa nacho, na miiba itabaki kucheka. Alikizungushia ua wa mianzi. Mbuzi akikisogelea, mwenye mbuzi alijuta kuzaliwa.

Kwetu binti anapoolewa, mama yake humkatia vijiti vya muhogo kutoka shamba lake mwenyewe, akavifunga mzigo kwa kamba ya gome. Bibi arusi akifika kwa mume huvipanda kwanza, nyuma ya jiko, kabla hata ya kufungua furushi la nguo zake. Hadi atakapokula muhogo huo yeye ni mgeni, na baada ya hapo ni mwenye nyumba. Siku ya safari, mama humsindikiza binti yake hadi mtoni, humwosha miguu, ndipo humwachia avuke.

Mama yangu alipoolewa na Emile wa upande wa Wamaza, walikuwa wanafunga mzigo huo wakati bibi alipogeuka akamwona ameingia ndani ya ua wa mianzi. Amekata tawi la kile kichaka. Anakatakata vijiti, anavichomeka katikati ya vijiti vya muhogo.

“Julienne! Uko nafanya nini?”

“Mama, muhogo tunakata, tunapanda, inaota. Hii iko na kosa gani?”

“Muhogo iko muhogo! Hii iko muti ya matunda. Muti ya matunda hawakatake, inapandwa na mbegu. Umeiua!”

Mama yangu alicheka. Wote wanasema alikuwa mtu wa kucheka. “Basi ikikufa, nitakulipa mujukuu.”

Bibi hakucheka. Katika maisha yake hakuwahi kuona mtu anakata mti wa matunda apande kijiti, na kile kilikuwa kichaka chake cha pekee. Alisema maneno ambayo mama hapaswi kumwambia binti anayeolewa, akaingia jikoni, akafunga mlango. Shangazi wa bibi arusi ndiye aliyekwenda mtoni. Julienne alivuka akiwa ameoshwa miguu na mkono ambao si wa mama yake.

Kichaka hakikufa kwa kukatwa. Kilikufa kwa moto. Baada ya mavuno ilikuwa amri kung'oa mashina ya pamba na kuyachoma, wadudu wasibaki. Mwaka uliofuata babu Marcellin aliwasha moto wa shamba lake, upepo ukageuka, moto ukaruka hadi nyuma ya jiko. Bibi alikuwa mtoni analoweka muhogo. Aliporudi alikuta majivu ya mianzi na kisiki cheusi. Alimwagilia kisiki hicho maji hadi masika yakapita. Hakikuchipua. Babu hakumtania tena, wala bibi hakumlaumu. Aliyemlaumu moyoni ni binti yake: pengine kisingejeruhiwa kingepata nguvu ya kuchipua. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kujificha. Kwa hiyo habari ya mimba ilipofika kutoka Wamaza alituma samaki wa kukaushwa, lakini yeye hakwenda.

Habari iliyofuata ilikuwa kwamba mtoto amezaliwa na mama yake amefariki.

Bibi alitembea hadi Wamaza na kukuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka juu. Hakulia. Watu wakasema vibaya, kama watu wanavyosema. Matanga yalipokwisha, wanawake wa ukoo wa Emile walikwenda nyuma ya jiko la marehemu kung'oa muhogo alioingia nao. Hiyo ndiyo desturi: muhogo wa bibi arusi hupikiwa waombolezaji, uwe chakula chake cha mwisho kwa watu, na bustani husafishwa kabisa. Jembe la kwanza ni la mama mzazi. Bibi akapiga jembe, wengine wakafuata mistari.

Mwisho wa mstari Louise, mama yake Emile, alisimama na panga mkononi.

“Mama Julienne, na hii nayo tuing'oe? Haiko muhogo. Marehemu alikuwa anaiita ya mama. Mwaka huu tu ndiyo imezaa, na alikataza mutu kuichuma. Alisema ya kwanza iko ya mama yake: siku atakuja, ataonja, na wao wawili watacheka.”

Kilikuwa kichaka kisicho na miiba, kimejaa matunda meusi, makubwa kama ncha ya kidole gumba.

Bibi alichuma moja akalitia mdomoni. Ndipo alipopiga yowe ambalo hakulipiga kaburini. Wanawake walimshika wakidhani amekula sumu. Alikuwa anasema neno lilelile, analirudia: “Mutoto alisema kweli. Alisema kweli, na miye sikumusindikiza.”

Louise alilaza panga chini. Hakuna aliyeking'oa kichaka hicho, desturi au si desturi. Kabla ya kuondoka bibi alikata vijiti, akavifunga kwa kamba ya gome, akajitwika kichwani. Mgongoni alifunga mtoto, maana hapakuwa na wa kumnyonyesha, na huko kwetu kulikuwa na mke wa mjomba mwenye maziwa. Mtoto huyo ni mimi. Waliniita Emilienne, kwa jina la baba.

Vijiti viliota vyote, na matunda yake yakawa yaleyale, matamu, mwaka baada ya mwaka. Bibi hakuvificha. Kila msichana wa kijiji aliyeolewa, awe wa Kikristo au wa Kiislamu, alikuta kijiti cha bibi katikati ya mzigo wake wa muhogo, na njiani alimkuta bibi mwenyewe anamsindikiza hadi mtoni pamoja na mama yake. Hivyo ndivyo matunda yalivyofika Kasongo, kwa vichwa vya mabibi arusi. Wengine walimwona anajipendekeza kwenye harusi za watu. Wangejua.

Mimi niliolewa Kabambare, Wabelgiji wakiwa karibu kuondoka. Bibi alikuwa haoni vizuri, na magoti yalikuwa yamechoka. Nilimwomba abaki, shangazi yupo. Alinitazama kama nimemtukana, akachukua fimbo yake akatangulia. Tulitembea polepole sana. Mtoni aliinama, akaosha miguu yangu, akashika kifundo cha mguu wangu na hakukiachia.

“Julienne,” akasema, “muti iliota. Uende muzuri, mutoto wangu.”

Sikumsahihisha. Nikamwambia, “Ndiyo, mama,” na yeye akaniachia nivuke.