Mkamwana Hasemi

"Hao watafiti wamemaliza panya, wakahamia kwa nguruwe, sasa wamefika kwa Asajile," Stella alisema huku akigeuza kakao juani. "Wanamnywesha dawa ya malaria ambayo haijafika hata dukani. Na mwenyewe anakwenda kimya, kama anayekwenda mashineni kusaga."

Tupokigwe alicheka, akamtoa mwanawe Jubilate mbegu ya kakao mdomoni. Lakini hilo la kimya lilimkaa moyoni. Asajile huyu? Mzaliwa wa Ndandalo aliyeolewa Makwale, ambaye kwenye kwaya sauti yake huzifunika za wenzake wote, na wachuuzi wa ndizi humwogopa kwa mdomo?

Siku ya kupima watoto uzito alimwona. Watafiti walikuwa barazani pa zahanati, na pembeni yao amekaa mwakilishi wa kijiji, Mzee Hezroni, baba mkwe wa Asajile. Na kwa mila za huku, mkamwana hatazamani na baba mkwe wake, wala hasemi mbele yake. Asajile alipita ubavuubavu, khanga imemfika puani, akakaa akimpa mzee mgongo.

"Bado unaendelea kwa hiari yako?" akauliza nesi, msichana mgeni.

Asajile akainamisha kichwa. Nesi akangoja kidogo, akatabasamu.

"Haya, amekubali. Kaa hapo nje, nitakuita unywe dawa."

Mzee Hezroni alikuwa ametazama barabarani muda wote, kwa heshima zake.

Tupokigwe akambeba mtoto, akamfuata Asajile nyuma ya jengo.

"Dada, mbona hukujibu?"

"Ningejibuje na mkwe amekaa pale?"

"Kwani unataka kutoka?"

"Nataka. Walisema anayetaka kutoka atoke tu, hata sababu asitoe. Amwambie mwakilishi." Asajile alicheka, cheko lisilo na raha. "Sasa mwakilishi ndiye huyo. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anatupelekea maneno, tumeshamzika. Mume wangu amesharudi Karonga, ng'ambo ya mpaka, na biashara zake, nimempigia, anasema nisimwaibishe baba yake mbele ya wageni."

"Mwite nesi pembeni."

"Nilimwita. Anasema mzee lazima awepo, ndiye shahidi wa kutulinda."

Tupokigwe akamhamishia Jubilate bega la pili.

"Si uvumilie, dada? Wanasema karibu wanamaliza."

Asajile akaupitisha mkono chini ya khanga, akauacha tumboni.

"Siku zangu zimepita, mama Jubilate. Waliponipima mwanzoni sikuwa nayo. Na nesi mwenyewe alituambia, mwenye mimba asiiguse hii dawa. Hilo nalo nilitamke mbele ya mkwe?"

Barazani nesi aliita jina lake. Akaita tena. Asajile akajifunika, akapiga hatua, kisha akarudi akamshika Tupokigwe kiganja.

"Kwa yule mzee wewe si mkamwana. Twende wote, ukae mbele yangu. Nesi akinipa dawa, wewe useme hapana."