Mizunguko Saba na Nusu

Pigo la kwanza lilimpata fundi juu ya jicho la kushoto, naye alikuwa bado ameshika springi kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha bidhaa. Fimbo ilikuwa ya kuchungia, ya mti mgumu, nene upande wa kichwa. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Naandika hatua nne kwa sababu baadaye nilirudi mahali pale nikazipima, nikitaka kujua kama ningeweza kuufikia mkono ule kabla haujashuka. Nisingeweza. Lakini pigo la pili na la tatu ningeweza kuyazuia, nami sikuyazuia.

Ilikuwa siku ya mnada Katesh, mwaka ule mkoa wetu ulipotengwa na Arusha, na kwa hiyo fimbo hazikuhitaji kutafutwa. Kila mwanamume aliyeshusha ng'ombe asubuhi ile alikuwa na yake mkononi.

Sina budi kueleza kwanza jinsi springi zile zilivyofika mikononi mwa fundi. Nilifundisha Kilatini na historia katika shule moja ya kanisa ng'ambo ya korongo la Gehandu, nikiishi Katesh. Biashara ilipofunguliwa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kufika hata kwetu, nami nikanunua moja: gari dogo la milango minne, lenye injini ya turbo, lililoundwa kwa ajili ya lami na watu wenye haraka. Nililiendesha kila siku kwenye changarawe. Injini ilikuwa nzima, ila springi zilikuwa zimechoka. Kwenye kona gari liliegemea upande wa nje hata usukani ukawa mwepesi mkononi, na mara mbili nilihisi wazi kwamba gurudumu la ndani lilikuwa limeiacha ardhi. Niliamua kulishusha kidogo, kwa springi fupi na ngumu zaidi.

Kuchagua springi za namna hiyo si kazi ya siku moja. Nilikata ufito wa mkaratusi nikauchora alama tatu kwa kisu: nafasi kati ya ardhi na tumbo la injini gari likiwa tupu, likiwa na watu watano, na likiwa na watu watano pamoja na gunia la maharage nyuma. Alama ya tatu ndiyo iliyoamua, maana kwetu gari la kila siku halimbebi mwenyewe peke yake. Humbeba pia jirani anayekwenda hospitali na katekista aliyekosa basi. Kisha nikashuka katika korongo la Gehandu, nikalipima jiwe lililosimama katikati ya njia. Nilipotoa hesabu, nilibaki na sentimita tatu za kushusha, si zaidi.

Nikampelekea fundi hesabu yangu. Alikuwa mtu wa Masakta, wa umri wa miaka thelathini hivi, aliyejifunza kazi kwenye matrekta ya mashamba ya ngano. Gereji yake ilikuwa uwanja wa wazi kando ya soko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nataka kulishusha sentimita tatu."

"Tatu tu? Wenzako wanakata kwa grinda koili mbili nzima. Gari inalala kama ng'ombe mgonjwa."

"Na likikutana na jiwe?"

"Linalima, mwalimu. Wanavuna baadaye."

Hata hivyo alilijua somo lake kuliko mimi. Alinieleza kwamba springi iliyokatwa huwa fupi, lakini gurudumu linaponing'inia shimoni hulegea kwenye kiti chake, na likigusa ardhi tena huenda springi isikae palepale. Alinieleza pia kwamba springi fupi iliyo laini ni mbaya kuliko ndefu iliyochoka, kwa kuwa nafasi ya kushuka imepungua na hakuna nguvu ya kuizuia isifike mwisho. Tuliyoitaka ilikuwa fupi, nene, yenye mizunguko iliyosongamana upande mmoja, ili iwe laini gari likiwa tupu na ngumu gunia likipakiwa. Tulikataa seti mbili zilizotoka kwenye vyuma chakavu vya Babati. Kwa wiki tano hatukupata ya tatu.

Wiki ya sita alikuwa nazo nne, za rangi ya buluu. Nilizipima palepale: unene wa waya, urefu, mizunguko. Za mbele zilikuwa na mizunguko saba na nusu. Zilikubaliana na hesabu zangu kana kwamba zilifuliwa kwa kulifuata daftari langu.

"Zimetoka wapi?" nikauliza.

"Kuna mtu alizileta, mwalimu."

Furaha ya kupata kitu kilicholingana na vipimo vyangu ilinizuia kuuliza swali la pili. Tukakubaliana azifunge siku ya mnada, kwa kuwa shule ingefungwa.

Siku hiyo, kabla hata gari langu halijainuliwa kwa jeki, alikuja mfanyabiashara wa pembejeo, mtu mzima aliyeheshimiwa sokoni. Naye alikuwa na gari la aina ileile, jeupe, ambalo kwa miezi kadhaa lilikuwa limekaa juu ya matofali nyuma ya ghala lake likisubiri giaboksi. Asubuhi ile alikuwa amechungulia chini yake akakuta springi zimefunguliwa. Alipoiona ile buluu mikononi mwa fundi alitamka neno "mwizi" mara moja tu. Hakulirudia. Wengine walilirudia kwa niaba yake.

Fundi alianguka kwa pigo la tatu, na baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu. Nilisikia mfupa wa bega ukivunjika. Sauti yake ni fupi na kavu, nayo haifanani na kitu kingine. Mwanamume mmoja niliyekuwa nikiketi naye benchi moja kanisani alimkanyaga mkono uliokuwa chini, akageuza kisigino. Mwingine alimpiga mbavuni kwa spana ya fundi mwenyewe, ileile kubwa ya magurudumu. Fundi hakupiga kelele. Alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayefafanua jambo, "Nimenunua, jamani, nimenunua," na kila aliposema alipigwa mdomoni, mpaka maneno yakageuka povu jekundu. Kisha nikaona tairi. Lilikuwa tairi kuukuu lililokuwa likitumiwa kama kiti hapohapo gereji, na kijana mmoja alikuwa akiliviringisha taratibu kuelekea kwake, huku mwenzake akiuliza nani ana mafuta ya taa.

Nilisogea mbele. Nilisukumwa kifuani kwa ncha ya fimbo, nikaketi chini bila kupenda. Miwani yangu haikuvunjika. Aliyenisukuma ndiye aliyepiga pigo la kwanza, mwanamume mrefu mwenye shuka nyekundu na kofia ya sufu.

"Mwalimu, hii si darasa," akaniambia. "Kaa."

Aliyewatuliza kwa dakika moja hakuwa mimi. Alikuwa mama muuza vitunguu saumu, ambaye watu waliokuwa wakirudi nyuma kupata nafasi ya kupiga walikuwa wamelikanyaga fungu lake.

"Mmemwaga mali yangu kwa ajili ya vyuma," akasema. "Na wewe mzee, utajuaje ni vyako? Rangi ya buluu si unaiuza wewe mwenyewe dukani? Nusu ya mageti ya Katesh ni ya buluu. Twende tukayafungue yote?"

Wachache walicheka. Nakumbuka vizuri kwamba walicheka, na fundi yuko chini.

"Nazijua," mfanyabiashara akajibu. "Nilizihesabu siku nilipozipokea. Za mbele zina mizunguko saba na nusu. Hesabuni."

"Mwalimu ahesabu," mtu akasema. "Ana miwani."

"Huyo hadanganyi," mwingine akaongeza. "Alimnyima mwanangu alama moja, akakosa daraja."

Wakanipa springi. Ilikuwa na damu, nayo iliteleza. Nilijua jibu kabla ya kuigusa, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu katika daftari lililokuwa mfukoni mwangu. Niliweka ukucha kwenye ncha ya waya nikaanza, kwa sauti, polepole, kama nilivyozoea kuwasomea wanafunzi orodha ya vitenzi. Tairi lilikuwa limesimama wima, kijana amelishika kwa kiganja. Nilipofika kwenye ile mizunguko iliyosongamana, niliruka mmoja.

"Sita na nusu," nikasema.

Baadaye nilijaribu kujifariji kwamba wahandisi hawauhesabu mzunguko wa mwisho unaolala bapa kwenye kiti chake, kwa kuwa haufanyi kazi. Faraja hiyo sina haki nayo. Nilijua nilichoulizwa, nikajibu uongo.

Mfanyabiashara alinitazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza wakati nikihesabu, nami nilitambua kwamba naye alikuwa akihesabu kwa macho, na kwamba alikuwa amefika saba na nusu. Akalitazama tairi. Akamtazama fundi, ambaye uso wake haukuwa tena na upande wa kushoto wa kutambulika.

"Si zangu," akasema.

"Lete nihesabu mimi," akasema yule mwenye shuka nyekundu, akinyoosha mkono.

"Uhesabu nini? Mali ni yangu, nimesema si zangu. Unataka kuniibia mwizi pia?"

Hapo walicheka zaidi. Mfanyabiashara akaichukua springi mkononi mwangu, akaitupa kwenye sanduku la vifaa, akaondoka bila kugeuka. Umati haukutawanyika mara moja. Ulikuwa kama watu waliofika harusini wakaambiwa bwana harusi hakuja. Mtu mmoja aliyekuwa amechelewa aliuliza kuna nini, akajibiwa, akampiga fundi teke moja la tumbo, kisha akaenda zake kununua chumvi.

Tulimlaza kiti cha nyuma, mama wa vitunguu na mimi, nikampeleka hospitali. Gari lilikuwa bado na springi zake zilizochoka, na kwenye kila tuta lilibonyea mpaka mwisho likagonga, naye akagongwa nalo. Niliendesha polepole kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Mwalimu," akasema kupitia meno yaliyobaki. "Ni saba na nusu."

"Nyamaza."

"Nilinunua. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Nyamaza."

Hata leo sijamuuliza. Naamini alinunua, lakini sikusema uongo kwa sababu ya kuamini hivyo.

Alilazwa wiki saba. Jicho halikupona, na vidole viwili vya mkono uliokanyagwa havikunjiki. Katika wiki ya pili mfanyabiashara alinijia nyumbani jioni, jua halijazama. Nilimwamkia kama ilivyonipasa, naye akaitikia, akakaa, akakataa chai.

"Mimi nilihesabu pamoja na wewe," akasema.

"Najua, mzee."

"Basi sikia. Siwezi kuzichukua. Nikizifunga kwangu, watajua sote wawili tulidanganya, na yule kijana watamfuata hata hospitali. Wewe nawe ukiziacha zilale, watauliza kwa nini mwalimu aliyezitafuta wiki sita hazitaki tena."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni zako. Zifunge. Na zisifunguliwe."

Hivyo ndivyo uchaguzi wangu ulivyokamilika. Nilikuwa nimepima jiwe la korongoni, gunia na watu watano, nikidhani kwamba nachagua jinsi gari litakavyokaa kwenye kona. Sasa lilipaswa kukaa juu ya springi zile na si nyingine, ili mtu mmoja aendelee kuishi mjini kwake.

Fundi alipotoka hospitali nilipendekeza zifungwe shuleni, nyuma ya bweni. Alikataa. Alikuwa na kitambaa juu ya jicho, na bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko lingine.

"Tukijificha wataongea. Tufungie palepale, siku ya mnada."

Tukafungia palepale. Springi ya mbele haiwekwi kwa mkono mtupu. Hubanwa kwanza kwa vibano viwili vya skrubu mpaka ifupike, ndipo ivikwe kwenye shokapu, na wakati huo imebeba nguvu ya kuvunja taya la mtu kikiponyoka kibano kimoja. Fundi aliikaza kwa mkono mzima, akiusaidia kwa ule mbovu, na mara mbili spana iliteleza. Watu walianza kukusanyika, wakiwa na fimbo zao. Wengi wao nilikuwa nawajua. Springi ilikuwa imeshabanwa na kuvikwa, imelala juu ya gunia, buluu yake imefutwa damu, wakati yule mwenye shuka nyekundu alipochuchumaa kando yake.

Aliweka kidole kwenye ncha ya waya.

"Moja," akasema. "Mbili."

Fundi hakumtazama. Aliingiza mikono chini ya shokapu, akaivuta kuelekea kwake.

"Tatu," akasema yule, akisogea nayo. "Nne."

"Samahani, kaka, naomba nafasi," fundi akasema, akaiinua yote kwa bega lake zima, akaisukuma juu ndani ya nafasi ya gurudumu hadi bolti zikatokeza, nami nikaweka nati ya kwanza. Akashika ya pili, akakaza.

Mwanamume yule alibaki amechuchumaa, kidole bado kimenyooka. Alichungulia mle ndani, palipokuwa na giza na matope makavu. Kisha akasimama, akakipangusa kidole kwenye shuka, akaniuliza kama gari likishushwa hivyo litapita korongo la Gehandu wakati wa mvua.

"Litapita," nikamwambia. "Ila polepole."