Gunia la Mama Halikuingia Kwenye Mstari

Niliporudi kijijini kwetu Burungu na masomo yangu ya kompyuta, akina mama wa ghala la mbegu walinipa kazi: kuandika nani ameweka maharagwe gani, ili msimu wa kupanda kila mtu arudishiwe mbegu yake. Kichwa kilinivimba.

Programu nzito sikutaka. Nilibuni maandishi matupu, ya kusomeka hata kwenye simu ya vitufe: jina la kitu, nukta mbili, jibu lake. Mwenye mbegu. Aina. Gunia. Yote mstari mmoja, kisha unashuka, unaandika mwingine. Kipimo nilikiacha, maana kila mtu alileta beseni moja, nami nilipenda mistari mifupi. Kanuni ilikuwa moja tu: kila gunia, aina moja. Nilimsomea mtunza ghala, mmoja wa akina mama hao, mara tatu. Alikuwa mama mtiifu kupita mahitaji.

Mama yangu akaleta beseni lake ndani ya gunia kuukuu, akaenda kulima. Ndani mlikuwa na mekundu, meupe, meusi, ya njano, ya madoa, yote pamoja, kama alivyoachiwa na mama yake. Mtunza ghala akatafuta aina, hakuiona. Basi aliketi na wenzake siku nzima wakichambua punje kwa punje, mekundu yakamwagwa kwa mekundu ya jirani, meusi kwa meusi. Mimi nikaandika mistari mitano safi na kujipiga kifua.

Mvua zilipokaribia, mama alikuja.

"Maharagi yangu iko wapi?"

"Iko mu magunia tano, Mama."

"Yangu ilikuwa moja." Akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mbuzi aliyejifunga kwa kamba yake mwenyewe. "Mvua ikizidi, hii inaoza, ile inabakia. Jua ikizidi, ile inakauka, hii inabakia. Kuchanganya njo ilikulisha mupaka ukaenda kusoma kutenganisha."

Mtunza ghala alicheka mpaka akashika mlango. Nami nilicheka, kwa aibu, nikatoa simu kurekebisha kosa.

"Basi tuchanganye tena, Mama. Nyekundu ngapi? Nyeusi ngapi?"

Mama akachota mekundu, akaongeza meusi kidogo, akayarudisha. Akachota tena. Mkono ukasimama juu ya beseni, na hapo niliogopa kwelikweli.

"Sijapimaka hata siku moja, mutoto wangu," akasema. "Gunia njo ilikuwa inakumbuka. Andika hiyo."