Kivuli Kwenye Kioo

Fundi wetu wa televisheni haviamini vioo vya OLED. "Vinadeka kama kitindamimba," hufoka. "Ukiacha picha moja miezi mizima, kivuli chake hakitoki tena."

Asubuhi hiyo mteja mgeni, mpole kupita kiasi, alileta kimoja. "Watoto wamekiharibu kwa michezo yao, fundi."

Fundi akawasha rangi ya kijivu tupu, maana ndiyo inayoumbua madoa. Kikajitokeza kivuli cha picha ya kamera: geti, ukuta, na taa iliyopinda. Taa hiyo fundi aliipinda mwenyewe kwa ngazi, siku aliyopaka rangi. Lilikuwa geti la kwake. Mtu alikuwa amelitazama miezi mizima, na mkewe hushinda mle ndani peke yake.

"Umeona nini, fundi?" mteja akauliza, huku akirudishia mlango wa duka.