Gari la Nicanor Lililonyweshwa Bia

Shemeji yangu Nicanor Yujra ana bega la kulia lisilonyanyuka. Gunia la viazi lilimwangukia sokoni akiwa kijana, na tangu hapo mkono ule unafika kifuani, basi. Kofia anaivaa kwa mkono wa kushoto. Lakini muulize yeyote hapa El Alto ni nani anayeendesha gari la vyombo vya fedha siku ya Bikira wa Karmeli, atakwambia Nicanor. Mimi ni mjane wa kaka yake, tunakaa ua mmoja, kwa hiyo nisikilizeni mimi, msiwasikilize wale wa mtaa wa chini.

Gari lenyewe ni kivani cha zamani kilichotoka Japani usukani ukiwa kulia. Mafundi wakauhamishia kushoto, kama tunavyoendesha huku, na mpira wa oili ya pawa stelingi ukawa haufiki, wakauunga na mwingine. Kiungo kile juu ya injini ndicho mtoto wa Nicanor. Kila Jumapili kabla ya kanisa anafungua boneti, anakipapasa kama kinavuja, anakaza klipu, anachungulia kikopo cha oili kama mimi ninavyochungulia supu. Watu humcheka. Wacheke. Mwenye bega kama lile, bila pawa si dereva, ni abiria.

Na siku ya maandamano ndiyo ngumu. Gari linafunikwa blanketi za kufuma, juu yake zinashonewa sinia na vijiko vya fedha mpaka bati halionekani, nyuma wanafuata wacheza ngoma ya morenada na tarumbeta zao. Linatambaa. Gari likikimbia usukani ni mwepesi, lakini likitambaa na mzigo ule, bila pawa utadhani unazungusha jiwe la kusagia.

Mwaka jana, siku moja kabla ya sherehe, tulilifanyia tambiko. Akaja Eleuterio Apaza, baba wa ubatizo wa gari, na kreti ya bia. Alikuwa ameshaanza kunywa kwingine. Akammwagia Pachamama, mama yetu ardhi, akamwagia magurudumu, kila gurudumu na maneno yake. Nicanor alikuwa anaangalia oili, kifuniko cha kikopo amekiweka pembeni, akaingia ndani kutafuta kitambaa. Eleuterio akaona kidomo kiko wazi.

"Maskini, na huyu ana kiu," akasema, akamimina.

Nilikuwa naleta sahani ya chuño, viazi vyetu vya kukaushwa kwa baridi. "Wewe mzee! Unamnywesha nani huko?"

"Gari, mama. Tena limeshukuru, ona linavyotoa povu."

Nicanor alipowasha, pampu ililia kama ndama aliyenyimwa ziwa. Usukani ukagoma. Ndani ya kikopo oili yetu nyekundu ilikuwa imegeuka povu la waridi linalopanda mpaka juu.

Na nani anaingia getini? Bi Remigia, mwenye sherehe mwaka ule, na sinia zake begani.

"Nicanor, nakuheshimu," akasema, "lakini sinia za bibi yangu hazipandi gari linalolia. Mpwa wangu ana gari jipya. Nimwite?"

Nicanor aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni asiyeondoka. Nilijua anawaza nini: akishuka kwenye kile kiti mwaka huu, hapandi tena.

"Asiitwe mtu," nikasema mimi. "Kaa, unywe uji wa api."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Tukapiga jeki, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Nicanor akalala chini, akachomoa mpira unaorudisha oili, akauelekeza kwenye ndoo yangu ya kufulia, na tundu lake kwenye kikopo akaliziba kwa kizibo. Injini imezimwa. Eleuterio tukamtia kwenye usukani azungushe, mimi nikashika chupa ya oili mpya.

"Shemeji, kikopo kisikauke!" Nicanor anapiga kelele kutoka chini. "Kikivuta hewa tumekwisha!"

"Nimemimina supu za harusi wewe hujaota ndevu. Angalia ndoo yako!"

"Eleuterio, kulia mpaka mwisho! Haya, kushoto!"

"Jamani, pombe yote imenitoka kwa jasho."

"Yako imetoka, ya gari bado. Zungusha, baba wa ubatizo!"

Oili ilitoka ya waridi, ikatoka ya machungwa, mwisho ikatoka nyekundu safi kama ninayomimina. Nicanor akarudisha mpira, akakaza na klipu ya kile kiungo, akawasha. Mapovu machache yakapanda, yakapasuka, yakaisha. Pampu ikanyamaza. Akashusha gari chini, maana magurudumu yakiwa hewani usukani haumpimi mtu.

"Bi Remigia, njoo," akasema. "Lete kidole."

"Kipi?"

"Kilicho kivivu kuliko vyote."

Akaingia, akatia kidole cha mwisho kwenye usukani, magurudumu yakageuka juu ya changarawe kama mtu anayegeuza shingo. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Haya, shoneni sinia," akasema.

Siku ya pili, kwenye kona kali ya sokoni, gari limeelemewa na fedha, Nicanor alikata kwa mkono wa kushoto peke yake, polepole, hakuna kijiko kilicholia. Mimi nilikuwa ukingoni nikawaambia wa mtaa wa chini: "Mmeona?"

Mwaka huu Eleuterio alikuja tena na kreti yake. Nicanor alifunga boneti, akapanda akaikalia.

"Magurudumu tu, ndugu yangu," akamwambia. "Huyu wa ndani ameacha pombe."